Gauni la Mama Benta na Digrii Yangu ya Kemia

Gauni la harusi la dada yangu lilitoweka kwenye kamba likiwa bado linachuruzika maji.

Harusi ilikuwa keshokutwa.

Na gauni lenyewe halikuwa letu.

Naomba msinicheke kwanza. Mtacheka baadaye, nafasi ipo tele.

Naitwa Mbeti. Nilimaliza chuo mwaka jana, digrii ya kemia, na tangu siku hiyo nimetuma maombi ya kazi mpaka simu yangu ikiona neno "ambatanisha" inazima yenyewe. Naishi mtaa wa Mbotela na baba yetu, Mzee Kyalo, aliyekarabati mabehewa ya reli kwa miaka thelathini na mpaka leo akisikia honi ya treni anaangalia saa. Dada yangu Kaluki ni karani kule Industrial Area. Yeye ndiye mwenye kazi. Mimi ndiye mwenye mawazo.

Kaluki alikuwa anaolewa na Austine. Austine ni mtu mpole wa Donholm, anayeomba msamaha hata akikanyagwa yeye. Mama yake ni Mama Benta, Benta jina lake mwenyewe, mjane, mrefu, mzito wa sauti, mwanamke ambaye akisema "karibu chai" unakaa chini kabla hujajua umekaa.

Sasa sikia. Magauni ya kukodisha yalikuwa bei ya kutisha. Mama Benta aliposikia, akamwita Kaluki nyumbani kwake, akavuta sanduku la chuma kutoka chini ya kitanda, akalifungua.

"Hili nililivaa mimi," akasema. "Sina binti. Vaa wewe."

Gauni la miaka thelathini na mbili. Mikono mirefu, shanga kifuani zilizoshonwa moja moja kwa mkono. Kaluki alilia hapohapo.

Kasoro ilikuwa moja tu. Gauni lilikuwa limegeuka rangi ya maziwa yaliyolala, na upande wa kushoto wa kifua, chini kidogo ya shanga, kulikuwa na doa. Doa kubwa kama kiganja cha mtoto, rangi ya kutu.

Mama Benta akatoa pesa ya drai klina, akatuelekeza kwa yule anayemwamini, duka liko karibu na steji yao.

Nilienda mimi. Mwenye duka akaligeuza gauni kama daktari anayegeuza mgonjwa asiye na matumaini.

"Manjano itatoka," akasema. "Doa siahidi. Na hizi shanga, madam, ni pesa nyingine juu."

Nilitoka na gauni langu begani. Nikasimama kando ya barabara nikifikiria viatu vya baba.

Ngoja niwaeleze viatu vya baba.

Mzee Kyalo alikuwa na jozi moja ya kutokea, na ilikuwa ni buti zake za reli. Alizipaka rangi nyeusi kila Jumapili, akazing'arisha mpaka ukajiona. Lakini ni buti. Akitembea kanisani, waimbaji wanapoteza mapigo. Na Jumamosi ndiye angemshika Kaluki mkono mbele ya watu mia tatu. Nilikuwa nimemsikia akimwambia dada, "Mimi nitatembea polepole tu, mama. Hawatasikia."

Hiyo "hawatasikia" ilinifuata wiki nzima.

Nikampigia Kaluki.

"Dada, hili gauni nitalifua mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Mbeti, wewe mwaka jana uligeuza sweta yangu ikawa ya mtoto mchanga."

"Hiyo ilikuwa sufu. Hii ni satini ya polista. Nina digrii, Kaluki! Miaka minne nimesoma mambo ya madoa, leo nimepata mtihani wa kweli. Na ile pesa tunamshonea baba viatu kwa fundi Nahashon."

Nilisikia mashine ya kupiga chapa ikikohoa nyuma yake.

"Mama Benta akijua?"

"Atajuaje?"

Maze, hilo neno moja. Ningelirudisha kama ingewezekana.

*

Mbotela maji huja Alhamisi. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi nilikuwa uani na beseni kubwa la kuogeshea watoto nililoazima kwa jirani yetu, Mama Elsie. Mama yetu mzazi alikuwa kijijini Makueni akikusanya mashangazi, na baba alikuwa ametumwa kukagua mbuzi wa harusi. Uwanja ulikuwa wangu.

Kwa dakika tatu.

"Ni nini hiyo?" Mama Elsie alikuja na kikombe chake cha chai.

"Gauni la Kaluki."

"Unalifua? Kwa mikono? Wewe ni mzima?"

Akageuka akaita. Kabla sijajaza beseni, uani kulikuwa na wanawake saba, kila mmoja na dawa ya bibi yake.

"Weka ndimu na chumvi."

"Ndimu itakula shanga! Weka maziwa ya mgando."

"Maziwa? Bibi arusi anukie mursik?"

"Weka bluu. Nguo nyeupe bila bluu imefuliwa ama imelowekwa tu?"

Mama Elsie alikuwa tayari ameshika kijifuko cha bluu juu ya beseni. Nilipiga yowe kama mtu aliyeona nyoka. Nikamshika mkono, tukavutana, kijifuko kikaanguka kwenye ndoo ya mtu mwingine, na mpaka leo kuna mzee mmoja wa Mbotela ana vesti za rangi ya mbingu.

Nikasimama juu ya kigoda.

"Akina mama! Nawaheshimu. Lakini leo ni sayansi."

Wakacheka. Lakini wakakaa kutazama, na hilo lilitosha.

Nilikuwa na maji ya uvuguvugu, sabuni laini ya watoto, baking soda, na chupa mbili za ile dawa ya vidonda ya chemist, inayotoa povu ukiimwaga kwenye jeraha. Nilijaribu kwanza kwenye pindo la ndani, mahali hapaonekani. Nikasubiri. Kitambaa kikakaa salama. Nikalizamisha gauni lote.

Maji yakageuka chai. Chai ya rangi, ile nzito ya matangani.

"Yesu," Mama Elsie akasema. "Huyo mama aliolewa kwenye vumbi?"

Maji ya pili, chai ya maziwa. Ya tatu, maji ya mchele. Ya nne, maji.

Halafu doa. Nilipaka dawa na baking soda, nikafunika kwa kitambaa, nikasubiri nusu saa. Uani, wanawake saba wamechuchumaa kana kwamba tunasubiri kuku aangue.

Nikafunua.

Halikuwepo.

Ndugu zangu, sijawahi kushangiliwa namna ile. Siku ya mahafali nilipigiwa makofi pamoja na watu elfu nne, lakini uani Mbotela nilipigiwa vigelegele peke yangu. Mama Elsie alinibeba. Kweli, alinibeba juu, na kikombe chake cha chai bado mkononi.

"Digrii si bure!" akapaaza sauti. "Mwaka mzima nasema huyu msichana analala tu, kumbe!"

Tulilitundika gauni kwenye kamba ya kivulini, mabega yameshikiliwa kwa vibanio kumi na viwili, shuka safi chini yake. Lilikuwa jeupe mpaka macho yanauma.

Nikalipiga picha, nikamtumia Kaluki. Akajibu kwa herufi "A" kama arobaini hivi.

*

Saa nane na nusu Nahashon, fundi viatu wa pale langoni, akanipigia. Viatu vya mzee vimekamilika.

Nikaondoka mbio. Dakika kumi tu, nikajiambia.

Vilikuwa vyeusi, ngozi laini, soli ya kimya kimya. Nilivipiga juu ya meza ya Nahashon, havikusema kitu. Nikainama kwenye kibanda chake nikivipitisha kamba, nikiimba.

Mvua ikaanza hapo.

"Kaa ipite," Nahashon akasema, akivuta turubai.

"Gauni!"

"Watalianua. Mbotela hakuna nguo inaloa."

Na ni kweli. Kwetu mvua ikinyesha hata kama haupo, mwanamke wa kwanza kutoka nje huanua nguo zote za uani, za nani na za nani haijalishi, anaziingiza kwake. Ukirudi unapitia milango kuuliza zako. Ndivyo tunavyoishi.

Kwa hiyo nilisubiri. Mvua ilipopungua nikarudi na viatu kifuani.

Kamba ilikuwa tupu. Vizuri.

Nikagonga kwa Mama Elsie.

"Umelianua?"

"Mimi? Nilikuwa nimelala. Kubebana si mchezo."

Nikagonga mlango wa pili. Akanipa suruali ya mwanaume. Mlango wa tatu nikapewa shuka za mlango wa kwanza. Mlango wa nne mama akatoa rundo zima: "Chagua zako, mimi nilikusanya tu." Mlango wa tano wakanipa vesti zile za rangi ya mbingu.

Baada ya robo saa uani kote kulikuwa na watu wakirudishiana nguo. Soksi zilizopotea tangu Krismasi zilipatikana. Mama mmoja alikuta blanketi lake kwa rafiki yake wa kanisa na maswali yakaanza.

Gauni? Hakuna.

Nikakaa juu ya kile kigoda.

Mama Elsie aliacha kucheka. Akanishika bega. "Tutalipata. Gauni la harusi haliwezi kujificha, si kijiko."

Nilirudi kwa Nahashon mbio.

"Umeona mtu akitoka na kitu cheupe?"

Akafikiri, msumari mdomoni. "Cheupe sikuona. Lakini kuna mama mmoja alipita na beseni limefunikwa leso, mwavuli umemfunika mpaka mabega. Mrefu. Akanisalimia vizuri sana."

"Lini?"

"Si wewe ulikuwa hapa? Ulikuwa umeinama, unaimba. Hata ulivuta miguu apite."

Nilivuta miguu. Mwizi wa gauni nilimpisha njia mimi mwenyewe.

Simu ikalia. Kaluki, sauti ya mtu anayening'inia.

"Mbeti. Mama Benta anatuita Donholm. Sasa hivi. Anasema tulete gauni lake."

*

Safari ile siikumbuki. Nakumbuka tu mlango wake wa kijani, na Kaluki akinibana mkono akininong'oneza, "Sema ni mimi." Na mimi nikisema, "Nyamaza, ni mimi."

Mama Benta akafungua.

"Karibuni chai."

Tukakaa.

Na pale, kwenye fimbo ya pazia, mbele ya macho yetu, lilikuwa limening'inia gauni.

Kaluki akatoa sauti ndogo kama birika. Mama Benta akapanga vikombe. Akamimina chai. Akaleta mandazi. Mimi nilikula mandazi matatu bila kujua, kwa sababu mdomo ukiwa umejaa hauwezi kuulizwa.

Halafu akaweka kikombe chini.

"Nilienda kwa yule wa drai klina leo. Nilikuwa na neno nilisahau kumwambia. Akasema gauni hajaliona tena, msichana aliuliza bei akaondoka. Nikaja Mbotela. Mvua inaanza, uani hakuna mtu, gauni langu liko nje. Ningefanya nini? Nikalianua."

"Mama, mbona hukubisha hodi?" Kaluki akauliza.

Akamtazama kana kwamba dada amemuuliza mbona hakuingia kwa dirisha.

"Nyathina, mwanangu, pale ni kwa wakwe zangu. Sijawahi kuingia. Niingie mara ya kwanza bila kualikwa, nimelowa, mikono mitupu, hata sukari sina? Nikaangalia mlango wenu, nikaangalia mikono yangu, nikalitia kwenye beseni nililolikuta pale, nikalifunika leso, nikaondoka."

Kisha akanigeukia mimi.

"Nani amelifua?"

"Mimi, Mama." Na kwa kuwa nilishaanza, nikamwaga yote: bei, baba, buti, waimbaji kupoteza mapigo, viatu vya Nahashon, digrii. Nilisema kila kitu. Nadhani nilitaja hata sweta.

Akanyanyuka, akasogea kwenye gauni, akaweka kidole upande wa kushoto chini ya shanga.

"Hapa kulikuwa na doa."

"Ndiyo." Na hapa, Mungu anisamehe, nilitabasamu. "Nimelitoa lote."

Hakutabasamu.

Aliendelea kushika pale, kidole kikizunguka kana kwamba anatafuta.

"Siku ya harusi yangu," akasema polepole, "baada ya keki tulipewa soda. Mnajua ile ya kupitisha mikono, mimi namnywesha yeye, yeye ananinywesha mimi. Sylvance alikuwa karani wa kaunsili, mtu wa kuandika kwenye mstari, hajawahi kutetemeka. Siku hiyo alitetemeka. Soda ya machungwa yote hapa. Ukumbi mzima ukashtuka. Yeye akasema, 'Pole, mke wangu.'"

Akanyoosha shanga moja iliyopinda.

"Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Kila mwaka tarehe ile nafungua sanduku, naliangalia lile doa, nasikia sauti yake vizuri kabisa. Leo nilienda kumwambia yule kijana, ondoa manjano, doa liache."

Nilitaka sakafu ya Donholm inimeze, nipite chini kwa chini mpaka Makueni.

Nimefaulu mitihani mingi. Huu nilikuwa nimeufaulu kupita kiasi. Nililia, mandazi yakiwa bado shavuni, nikasema pole kwa lugha zote ninazozijua, ikiwemo Kijaluo nilichojifunza kwa ajili ya harusi, na nadhani badala ya pole nilimtakia asubuhi njema, kwa sababu mdomo wake ulitikisika.

Akakaa karibu nami. Akanifuta uso na ncha ya leso.

"Na viatu," akauliza, "vimemtosha mzee?"

"Bado hajavijaribu, Mama."

"Ajaribu leo. Kama vinambana mtu ajue mapema." Akapumua. "Basi pesa yangu ilifika mahali pazuri. Kunyweni chai."

Hakusema neno lingine kuhusu doa. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

*

Jumamosi.

Baba alitembea kanisani na viatu vyake vya kimya. Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika pindo la gauni jeupe pe, na sikusikia hatua zake hata moja. Nilisikia akinong'ona tu, "Hawasikii, mama. Hawasikii kabisa."

Baada ya kanisa, ukumbini. Keki ikakatwa. Mashangazi wa Makueni wakacheza mpaka mmoja akapoteza kiatu. Halafu mshereheshaji akaita: "Sasa maharusi watanyweshana soda!"

Nikamtafuta Mama Benta. Alikuwa ameshasimama, amesogea nyuma ya maharusi, anarekebisha shela la Kaluki.

Lazima niseme hili: siku ile ya Donholm Austine hakuwepo, alikuwa kwa fundi wa suti. Na tuliapa, mimi na dada, hatutamwambia mtu. Hakujua lolote.

Wakapitisha mikono. Kaluki akamnywesha. Ikawa zamu ya Austine. Chupa ya soda ya machungwa ikapanda, ikakaribia midomo ya dada yangu.

Na mkono wa Austine ukaruka.

Soda yote. Kifuani. Upande wa kushoto, chini ya shanga.

Ukumbi ukashtuka, watu mia tatu kwa pumzi moja. Austine akageuka rangi ya ukuta.

"Pole," akasema. "Pole, mke wangu."

Kaluki akaangalia kifua chake. Akaniangalia mimi. Akaanza kucheka, kicheko kile cha utotoni cha kushika mbavu, machozi yanatiririka na vipodozi vyote.

Mama yetu alikuwa ameshainuka na kitambaa chenye maji, anakuja mbio kama zima moto. Nilimdaka kiunoni.

"Mwaitu, acha!"

"Doa litakauka, Mbeti!"

"Ndiyo, Mwaitu. Liache likauke."

Hapo ndipo kigelegele kilipasuka. Kimoja, kirefu, kizito. Mama Benta. Alipiga mpaka akaishiwa pumzi, akavuta nyingine akapiga tena, mikono yote miwili juu.

Baadaye nilimfuata kwenye meza ya chakula.

"Mama, Austine alitetemeka kweli, ama kuna mtu alimgusa kiwiko?"

Akajipakulia samaki taratibu.

"Mimi nilikuwa narekebisha shela," akasema.

Gauni limerudi kwenye sanduku. Wiki iliyofuata alikuja Mbotela, amealikwa, na sukari, na unga, na leso mbili, na beseni jipya la Mama Elsie badala ya lile aliloondoka nalo. Akaniletea pia karatasi: drai klina wa pale kwao anatafuta mtu anayejua dawa za madoa. Nilianza Jumatatu.

Na sasa mteja akiweka nguo juu ya kaunta na kuniuliza kama doa litatoka, huwa sikimbilii chupa. Mwenye duka ananiona napoteza wakati, lakini nimeshaapa. Namtazama mteja usoni, namuuliza kwanza:

"Lilifikaje hapa?"

Ndugu msomaji, hilo ndilo funzo langu, na limenigharimu miaka minne ya chuo na alasiri moja ya Mbotela. Kabla hujasafisha kitu cha mtu, muulize kama anataka kisafishwe.